Nguzo (Freemason)

Nguzo ni miongoni mwa alama kuu za Freemason, udugu ambao Loji Kuu yake ya kwanza iliundwa London tarehe 24 Juni 1717. Husemwa juu ya nguzo mbili za hekalu la Sulemani, na juu ya nguzo tatu zinazohesabiwa kuibeba loji yenyewe, yaani tawi la udugu huo.

Yakini na Boazi

Habari za nguzo mbili zimo katika 1 Wafalme 7. Hiramu wa Tiro, fundi stadi wa shaba na mwana wa mjane, alizisubu kwa kimo cha dhiraa 18 na mzunguko wa dhiraa 12, akazivika taji za dhiraa 5 zenye mayungi na makomamanga. Ya kuume ikaitwa Yakini, ya kushoto Boazi. Kitabu cha 2 Nyakati kinataja kimo cha dhiraa 35, na wafasiri wamesumbuka sana na tofauti hiyo. Kwa mujibu wa Yeremia 52 zilikuwa wazi ndani, na shaba yake unene wa vidole vinne. Wakaldayo walizivunja wakaipeleka shaba Babeli.

Mswahili huteleza kwenye jina la kwanza. Yakini yetu, yaani hakika, imetoka katika Kiarabu. Ile ya hekaluni ni Kiebrania, “atathibitisha”. Boazi hufasiriwa “ndani yake mna nguvu”. Katika loji, Boazi ni funzo la daraja la kwanza na Yakini la pili. Zikikaa pamoja humaanisha uthabiti. Matufe mawili yanayowekwa juu yake, la dunia na la mbingu, Freemason wameyaongeza wenyewe. Siri ya majina haikudumu: mwandishi Samuel Prichard aliyachapa mwaka 1730.

Nguzo tatu

Nguzo hizi ni Hekima, Nguvu na Uzuri, kwa mitindo ya Kiyunani ya Ioniki, Doriki na Korintho. Huwawakilisha mkuu wa loji na walinzi wake wawili.

Tanzania

Freemason aliyejulikana zaidi nchini ni Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyekulia Bukene, Tabora, akaongoza loji za Afrika Mashariki kuanzia 1986 hadi 2005. Alifariki 2017.

Katika miji ya Tanzania, nguzo za umeme hubandikwa karatasi zenye namba ya simu, zikimwahidi utajiri atakayejiunga na Freemason. Hao ni matapeli. Loji humtaka mwombaji awe anamwamini Mungu na adhaminiwe na wanachama, na ada huitoa yeye.