Utani katika Njia ya Misafara

Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo viliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji. Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akalazimika kuzungukia kusini. Alipomfikia Livingstone alitamani kumkumbatia; ila, kwa kuchelea desturi za Waingereza, alivua kofia na kumsalimu kama wanaokutana barazani. Mzaha wa Wamarekani husifika kwa kutia chumvi, wa Waingereza kwa kupunguza maneno. Salamu ile ilikuwa ya Kiingereza kupita kiasi, na ni Waingereza hao hao walioicheka, Stanley akaumia. Hapakuwa na udugu wa kuutibu mzaha huo.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hiyo walikuwa na dawa yake. Misafara iliwakutanisha na Wazaramo na wengineo wa pwani, na kwa utani wageni wakawa jamaa. Mtani hukutukana, hukunyang'anya, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifikwa na msiba, naye hufika kushika jembe. Akuchekaye leo ndiye atakayekuzika kesho.