Ruhusa na Likizo: Mtumishi wa Nyumbani katika Bonde la Kilombero

Mtumishi wa nyumbani wa Ifakara anapotaka kwenda kwao, maneno mawili huweza kutumika. La kwanza ni ruhusa, la pili ni likizo. Ruhusa huombwa, na mwenye nyumba aweza kuitoa au kuinyima. Likizo hudaiwa, kwa kuwa ni mali ya aliyeifanyia kazi. Kamusi za zamani zatueleza kwamba kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, na pia kumwachilia mtu aende zake. Ajabu ni kwamba yaya, ambaye kazi yake yote ni mtoto, amekuwa miongoni mwa wa mwisho kulikizwa.

Zamani za ukoloni kazi hii ilikuwa ya wanaume hasa: mpishi, dobi, na yule aliyeitwa boi hata akiwa na wajukuu. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilishughulika zaidi na mtumishi asitoroke kuliko apumzike vipi. Katika mashamba makubwa mwezi wa kazi ulikuwa kipande, yaani siku 30 zilizofanyiwa kazi. Siku ya kupumzika haikuandikwa wala haikulipwa. Watumishi wa Dar es Salaam hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani walikuwa na chama chao, na mwishoni mwa mwaka 1956 watumishi wa hoteli na majumba waligoma. Ifakara ilikuwa mbali na vuguvugu hilo. Waajiri wake walikuwa wachache: misheni ya Wakapuchini na hospitali yake, maofisa, wafanyabiashara, na wataalamu wa maabara aliyoianzisha Rudolf Geigy kutoka Uswisi katika miaka ya 1950.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kisha reli ya TAZARA iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, viliwapa wanaume kazi nyingine, na wake wa wafanyakazi nao wakawa wauguzi, walimu na makarani. Mtoto alihitaji mtu wa kubaki naye. Mtu huyo akawa msichana aliyeletwa kutoka Malinyi, Mlimba au vilima vya Mahenge, mara nyingi kwa njia ya ndugu au jirani. Hakuitwa mtumishi. Aliitwa dada, au binti yetu. (Baadhi ya wanafunzi watakaosoma haya walilelewa na dada aliyewazidi miaka michache tu.) Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limelaani unyonyaji, na mjadala wake ukafika kiwandani na shambani, jikoni, kwa maoni yangu, haukufika sana. Nani angemshtaki mtu kwa kumnyonya binti yake?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Undugu ulikuwa wa kweli katika nyumba nyingi, na si haki kuubeza: msichana alikula chungu kimoja na wenyeji, aliuguzwa, wengine walisomeshwa au kuozwa. Lakini binti wa nyumba hana likizo, wala halipwi akiwa likizoni. Basi jina la heshima likawa pazia. Ulaya nako vijana huenda kuishi na jamaa za kigeni, kulea watoto na kujifunza lugha; Wafaransa huwaita au pair, yaani walio sawa na wenyeji wao. Hata hivyo, mapatano yaliyotiwa saini Strasbourg mwaka 1969 hayakuridhika na usawa wa jina. Yaliandika siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, na walau Jumapili moja kila mwezi.

Katika bonde letu swali gumu zaidi ni lini. Mwaka wa Kilombero hupimwa kwa mpunga. Tangu watu walipokusanywa vijijini mwaka 1974, mashamba mengi yamekuwa mbali na nyumba, na jamaa nzima huhamia katika madungu kulima, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna. Mama aliye Malinyi humhitaji bintiye mwezi wa Mei au Juni, mikono inapopungua. Mwenye nyumba wa Ifakara, ambaye naye huenda ana ekari zake, humhitaji siku zizo hizo abaki na watoto. Kabla ya daraja la Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, palikuwa na kivuko pia, na masika yalipofunga njia, ruhusa ya siku saba iliweza kuliwa na safari.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mtumishi wa nyumbani wa Tanzania Bara haki zile zile za mfanyakazi mwingine: saa 24 za mapumziko kila wiki, malipo maradufu akifanya kazi siku ya sikukuu, na siku 28 za likizo kwa kila miezi 12. Mshahara wa likizo hulipwa kabla hajaondoka. Agizo la mishahara la mwaka 2013 liliweka kiwango cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa watumishi wengi waishio kwa mwajiri. Fedha hizo mkononi wakati wa mavuno ni gunia la kubebea, nauli, na sauti ndani ya dungu. Mwajiri ndiye achaguaye tarehe, mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko kwisha. Aliyeanza kazi Januari humaliza mzunguko wake Desemba, na muda wa kumpa likizo hufika mwisho wa Juni. Mavuno yamo ndani.

Akiachishwa kazi kabla ya kuichukua, hulipwa siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya. Sheria hiyo ilidai pia maelezo ya maandishi, na miongoni mwake mahali mtu alipoajiriwa, kwa kuwa huko ndiko mwajiri apaswako kumrudisha kazi ikiisha. Msichana aliyechukuliwa Malinyi anapaswa kuandikiwa Malinyi. Akiandikiwa Ifakara, nauli ya kurudi kwa mama yake itatoka katika akiba yake mwenyewe.