DIVAI AU MVINYO? KIKOMBE HAKIJALI UNAKIITAJE

Kila tunapokaribia Meza ya Bwana, kuna swali ambalo huniijia kwa simu: "Pasta, mbona Biblia inasema Yesu aligeuza maji kuwa divai, lakini Paulo anatukataza kulewa kwa mvinyo? Si hiyo inaonyesha divai ni juisi na mvinyo ndio pombe?" Leo keti nami kidogo tuangalie historia ya maneno haya, kwa sababu kuna watu wanayatumia kujificha.

Zamani Warumi waliita kinywaji cha zabibu vinum. Neno hilo likazaa watoto wengi. Waingereza wakasema wine, Wafaransa wakasema vin, Wareno wakasema vinho. Sasa angalia lilivyotufikia sisi. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na wakafukuzwa humo mwaka 1698. Waliondoka, lakini maneno yao yakabaki. Vinho ikawa mvinyo. Hata "meza" tunayoiita Meza ya Bwana ilitoka kwao. Na wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba "gereza" letu limetokana na neno lao la kanisa! Baadaye likaja "divai", ambalo asili yake ni Kifaransa.

Kwa hiyo, mpendwa, divai na mvinyo ni ndugu wa damu. Bibi yao ni mmoja. Tofauti ni kwamba walilelewa nyumba mbili. Kwa matumizi ya watu, mvinyo ulianza kubeba hata pombe kali, na divai ikabaki neno la heshima, la mezani na la ibada.

Wale waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walikuwa na maneno yote mawili mkononi. Lakini katika Kigiriki, neno lililo kwenye arusi ya Kana (Yohana 2) na lile lililo kwenye Waefeso 5:18 ni lile lile moja: oinos. Watafsiri waliandika divai kule, wakaandika mvinyo huku.

Ukidhani neno divai peke yake linakulinda, fungua Mwanzo 9:21. Nuhu alikunywa nini mpaka akalala uchi hemani? Biblia yako ya Kiswahili inasema ni divai. Halafu fungua 1 Timotheo 5:23. Paulo alimwambia Timotheo atumie nini kidogo kwa ajili ya tumbo lake? Mvinyo! Umeona? Divai ilimwangusha mtu wa haki, na mvinyo ukatajwa kama dawa. Usijenge fundisho juu ya neno la kutafsiriwa kabla hujasoma mstari wote.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu sisi watu wa Bomet na Kericho tumekuwa hodari wa kubadilisha majina. Wazee wetu walikuwa na maiywek, wakaketi kuzunguka chungu na mirija yao mirefu, kwa sherehe na kwa utaratibu. Siku hizi utaratibu umekwisha, majina yamebaki. Kuna busaa, kuna chang'aa, kuna keroro. Na aliyesoma kidogo anasema, "Mimi sinywi pombe, Pasta, hii ni waini tu."

Mpendwa, jina halipunguzi sumu. Mwaka 2000 kule Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi. Jina lilikuwa la bei rahisi, lakini ndani kulikuwa na methanoli, ambayo hupofusha macho kabla ya kuua. Wengine waliopona hawakuona tena. Mwaka 2010 sheria ikabadilishwa, chang'aa ikaruhusiwa kwa masharti ili idhibitiwe. Lakini sheria kuruhusu kitu hakufanyi kitu hicho kikufae.

Utaniuliza, "Basi sisi tunaotumia juisi ya zabibu tumeacha Maandiko?" Hapana. Soma Mathayo 26:29. Siku ile ya karamu ya mwisho, Bwana alikitaja kilichokuwa kikombeni kama uzao wa mzabibu. Na juisi ni uzao wa mzabibu. Mwaka 1869 kule Marekani, daktari wa meno mmoja Mmethodisti, Thomas Welch, alipasha moto juisi ya zabibu ili isichachuke, akitaka kanisa lake lishiriki Meza bila kileo. Kwangu mimi hiyo ni hekima ya upendo. Katika kila ibada kuna ndugu aliyeokolewa juzi kutoka kwa chupa. Kwa nini kikombe cha Bwana kimrudishie harufu ile aliyoikimbia?

Sasa nisikilize vizuri. Bonasi ya majani inapoingia, hapa Merigi kuna nyumba zinazofurahi na kuna nyumba zinazolia. Mama aliyechuma majani kwenye mvua mwaka mzima anangoja karo, na baba hajarudi kutoka senta. Huyo mama haulizi kama ilikuwa divai, mvinyo au waini. Anauliza pesa ziko wapi.

Lakini Waefeso 5:18 haiishii kwenye katazo. Paulo anaondoa kimoja ili aweke kingine: tujazwe Roho. Siku ya Pentekoste watu walidhani mitume wamelewa, Petro akawaambia ilikuwa saa tatu tu asubuhi. Walikuwa wamejaa, na hakuna aliyeamka kesho yake akijuta.

Kama wewe ni yule anayepigana na kikombe kimyakimya, usione haya. Njoo inbox au njoo ofisini kanisani, tuombe pamoja na tutembee pamoja. Na kama ni mume wako au kijana wako, andika "Tuombee" hapa chini, bila jina. Mungu anamjua.

Ubarikiwe. Amina.