Magarini: Mradi Uliotanuka Kaskazini mwa Mto Sabaki

Mradi wa Makazi wa Magarini, ulioendeshwa na Serikali ya Kenya kwa msaada wa Australia katika bara la Malindi tangu miaka ya 1970, ulianza na lengo lililoweza kuandikwa kwa sentensi moja: familia zipatazo 4,000 zipewe kila moja shamba la hekta 12, na kilimo cha kuhamahama kiwe kilimo cha kudumu. Lengo hilo pamoja na mipaka yake ya kazi, muda na gharama ndilo wasimamizi wa miradi huliita mawanda, na mawanda hayo yalianza kutanuka mapema.

Ardhi iliyopimwa kwa ajili ya mradi haikuwa tupu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwawezesha Waarabu na Waswahili wengi wa mwambao kusajili mashamba, ilhali Wamijikenda kwa jumla waliachwa nje, na ardhi isiyokuwa na mdai aliyetambuliwa ikahesabiwa kuwa mali ya dola. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, viongozi wa Wagiriama (mojawapo ya jamii za Wamijikenda), kuwahamasisha watu kupinga kodi na kazi ya kulazimishwa, Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, ngome takatifu ya jamii hiyo, wakawaamuru Wagiriama waliokuwa kaskazini mwa Sabaki, ilipo Magarini, wahamie kusini mwa mto, na wakawatoza faini ya rupia 100,000. Watu walirudi baada ya miaka michache, lakini walirudi kama wakazi wasio na hati, yaani maskwota katika mashamba waliyokuwa wakiyalima.

Kwa hiyo, wapimaji walipofika kugawa viwanja, walikuwa wakiwagawia watu ardhi ambayo wengi wao waliiona kuwa tayari ni yao. Matingatinga yalifyeka msitu na kuuacha udongo mwepesi wazi kwa mvua na jua, ingawa mkulima wa Kigiriama, aliyekuwa akiliacha shamba lipumzike udongo unapochoka, alikuwa na sababu nzuri ya kutong'oa kila kisiki. Maji nayo hayakupatikana kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa visima vilivyochimbwa kwa mashine vilitoa mara nyingi maji ya chumvi, na suala la maji likawa mradi ndani ya mradi. Barabara, utafiti wa mazao na huduma za jamii viliongezwa pia, kila kimoja kwa haja ya kweli, kwani familia haiwezi kuhamia kiwanja kisicho na maji ya kunywa. Katika miaka ya 1980 shirika lisilo la kiserikali la Australia liliingizwa ili wakazi washirikishwe zaidi, na kazi iliyoanza kama upimaji wa ardhi ikawa pia kazi ya kujenga upya uhusiano na watu.

Ni kosa kuueleza mtanuko huu kuwa tamaa ya wataalamu peke yake. Kila nyongeza ilikuwa jambo lililoachwa nje ya ramani ya kwanza, likirudi kudai nafasi yake: kwanza udongo, kisha maji, hatimaye wenyeji wenyewe. Nyongeza ambayo wakazi waliihitaji kuliko zote, yaani hati ya ardhi iliyokuwa imewapita tangu mwaka 1908, ndiyo iliyosogea polepole zaidi, na Australia ilipojiondoa mwishoni mwa miaka ya 1980, swali la nani mwenye ardhi ya Magarini lilikuwa bado halijafungwa.