Kichujio cha dizeli

Kichujio cha dizeli (pia: filta ya dizeli) ni kifaa kinachoondoa uchafu na maji katika dizeli kabla haijafika kwenye pampu ya injekta na nozeli za injini. Hupatikana katika malori, magari ya kazi, matrekta, jenereta na mashine nyingine zinazotumia injini ya dizeli. Chenyewe ni kifaa cha bei ndogo, lakini hulinda sehemu ambazo ni kati ya zile za gharama kubwa zaidi katika injini.

Umuhimu

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Ili inyunyizwe vizuri lazima isukumwe kwa shinikizo kubwa, na kwa sababu hiyo vipande vya pampu na nozeli hutengenezwa kwa kubanana sana, vikiachiana nafasi ya mikroni chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kukwaruza vipande hivyo.

Tangu kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilipoanza kutengeneza pampu za injekta kwa wingi mwaka 1927, shinikizo limeongezeka sana. Injini za kisasa za mfumo wa reli ya pamoja (ambapo nozeli zote hupata mafuta kutoka bomba moja nene) hufikia shinikizo la baa 2,000 au zaidi. Hivyo zinahitaji vichujio vyenye matundu madogo kuliko vya injini za zamani.

Maji ni adui mwingine. Huingia kwa njia ya unyevu wa hewa unaoganda ndani ya tangi, mapipa yaliyoachwa wazi au matangi ya vituo vya mafuta yanayovuja. Pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe. Yakipita maji, vyuma husagana na kupata kutu. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, hutuama chini ya kichujio, ambako kuna kizibo cha kuyatolea.

Mahali kilipo

Njia ya uhakika ya kukipata ni kufuata bomba la mafuta kutoka kwenye tangi kuelekea kwenye injini. Malori mengi yana vichujio viwili: cha kwanza, kinachotenga maji, hufungwa kwenye chasisi karibu na tangi, cha pili huwa karibu na injini.

Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Kichujio chake kipo chini ya boneti, nacho ni kopo la chuma linalofungwa kwa kuzungushwa kwenye kichwa chake. Juu ya kichwa kuna pampu ndogo ya mkono, na chini ya kopo kuna kihisio kinachowasha taa kwenye dashibodi maji yakijaa.

Dalili za kuziba

Gari hukosa nguvu hasa likipanda mlima au likibeba mzigo, huchelewa kuwaka asubuhi, hutetemeka au huzimika njiani. Dalili hizohizo huweza kuletwa na hewa inayoingia kwenye mabomba yaliyolegea. Muda wa kubadilisha hutajwa katika kitabu cha gari. Mara nyingi ni kati ya kilomita 10,000 na 40,000. Penye vumbi jingi au mafuta yasiyoaminika hubadilishwa mapema zaidi.

Kubadilisha

Hatua zifuatazo zinahusu kichujio cha kopo chenye pampu ya mkono, kama cha injini ya 1HZ:

1. Gari huegeshwa mahali tambarare, injini huzimwa na kuachwa ipoe. Moto na sigara haviruhusiwi karibu.
2. Kichujio na kichwa chake hufutwa vumbi kwa nje, ili uchafu usiangukie ndani baada ya kufunguliwa.
3. Chombo huwekwa chini, waya wa kihisio huchomolewa, na kizibo hulegezwa ili maji na dizeli vitoke.
4. Kopo hufunguliwa kwa spana ya filta. Raba ya zamani isibaki imenata kwenye kichwa, kwa maana raba mbili zikikaa pamoja mafuta yatavuja.
5. Kihisio huhamishiwa kwenye kichujio kipya pamoja na raba yake mpya.
6. Raba ya juu hupakwa dizeli safi. Kichujio hufungwa kwa mkono mpaka raba iguse, kisha hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, bila spana.
7. Pampu ya mkono hubonyezwa mara nyingi mpaka iwe ngumu. Hapo hewa imetoka na kichujio kimejaa.
8. Injini huwashwa na kuachwa ingurume dakika chache huku ikikaguliwa kama kuna uvujaji.

Kosa la kawaida ni kujaza dizeli ya dumu kupitia tundu la katikati la kichujio kipya ili gari liwake haraka. Tundu hilo ndilo njia ya mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Dizeli inayomiminwa hapo huenda moja kwa moja kwenye pampu na uchafu wake wote, na kazi ya kubadilisha hugeuka kuwa chanzo cha uharibifu.

Katika injini za reli ya pamoja, mabomba ya shinikizo kubwa hayalegezwi kutoa hewa wakati injini inazunguka. Mchirizi wa dizeli unaweza kupenya ngozi. Aliyepatwa na jeraha hilo anapaswa kufikishwa hospitali mara moja, hata kama tundu ni dogo na halina maumivu.

Dizeli iliyotolewa haimwagwi ardhini wala mtaroni, kwani huchafua udongo na maji.

Kisichoweza kuchujwa

Kichujio huzuia chembe na kutenga maji, lakini hakiwezi kuondoa kilichoyeyuka ndani ya dizeli. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli hupita bila kizuizi, na kwa kuwa hayana ulainishaji wa kutosha, pampu huchakaa mapema. Uchakachuaji huo ulienea kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Mwaka 2018 Kenya iliyatoza ushuru wa kuzuia uchakachuaji, na Tanzania nayo ilipandisha kodi yake mwaka 2011. Kwa hiyo kichujio kipya hakichukui nafasi ya kununua mafuta mahali panapoaminika.

Tazama pia

Injini ya dizeli
Dizeli
Mafuta ya taa
Lori