Drakma ya Parthia

Drakma ya Parthia ni sarafu ya fedha ya Milki ya Waparthi, iliyotawala Iran ya kale tangu karne ya 3 KK hadi 224 BK. Uzito wake ulikaribia gramu 4. Upande mmoja una kichwa cha mfalme, kwa kawaida akitazama kushoto. Upande wa pili mpiga mishale ameketi, upinde mkononi, amezungukwa na maandishi ya Kigiriki. Baadaye maandishi hayo yaliharibika hata yasisomeke, na tangu mfalme Vologases I, katika karne ya 1 BK, ziliongezwa herufi za Kiparthi. Seleukia, mji kando ya mto Tigris, ilitoa tetradrakma, yaani drakma 4, nyingi zikiwa na mwaka na mwezi. Kwa uhaba wa maandishi ya Waparthi wenyewe, sarafu hizi ndizo tegemeo kuu la kupanga mfuatano wa wafalme wao.