Sukari Ilishuka Kabla ya Kilo

Mwanzo wa upasuaji wa kupunguza unene ulikuwa mchungu. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Minnesota, Marekani, walianza kuunga mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake ili chakula kipite bila kufyonzwa. Kilo zilishuka kweli. Lakini wagonjwa waliharisha mfululizo, wakaota mawe kwenye figo, na baadhi ini likafa. Wengi ilibidi wapasuliwe tena warudishiwe utumbo wao.

Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alianzia kwingine. Aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hawanenepi. Mwaka 1966 akafanya mchepuko wa kwanza: alitenga sehemu ya juu ya tumbo na kuiunga moja kwa moja na utumbo. Baada ya kuboreshwa, mfuko unaobaki huchukua takriban mililita 30, pungufu ya finjani ya kahawa, nao utumbo huungwa kwa umbo la herufi Y.

Jambo kubwa kuliko yote halikutafutwa. Huko Greenville, North Carolina, Walter Pories na wenzake waliwapasua watu ili wapungue unene. Wenye kisukari, siku chache tu baada ya kisu, uzito ukiwa karibu uleule, sukari yao ilishuka na insulini ikasimamishwa. Mwaka 1995 walitoa hesabu yao: kati ya wagonjwa 146 wa kisukari, 121 walirudi kwenye sukari ya kawaida wakabaki hapo. Kichwa cha makala yao kilianza na swali la mtu aliyepigwa na butwaa, na ninamwelewa. Kumbe tumbo si mfuko tu. Chakula kikiwahi kufika chini ya utumbo, homoni ya GLP-1 hutoka kwa wingi, nayo huliamsha kongosho litoe insulini.

Habari za moyo zilitoka Sweden. Utafiti ulioanza 1987 uliwafuata watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, na idadi kama hiyo wasiopasuliwa. Upande wa waliopasuliwa vifo vilikuwa vichache, vivyo hivyo mishtuko ya moyo na viharusi.

Leo mchepuko una mshindani: kukata tumbo likabaki jembamba kama ndizi, na sehemu inayotoa homoni nyingi ya njaa ikaondoka. Nchini Finland wagonjwa 240 waligawanywa kati ya njia hizo mbili, wakafuatwa miaka 10. Kwenye kisukari hapakuwa na tofauti kubwa. Lakini kwa waliokuwa na shinikizo la damu, liliwaacha asilimia 24 ya waliofanyiwa mchepuko, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao. Tena, wenye tumbo la ndizi waliungua zaidi koo la chakula kwa asidi.

Mwenye presha na kiungulia, kwa maoni yangu, amuulize daktari kwanza habari za mchepuko. Amuulize pia habari za vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu, maana atavimeza maisha yake yote.